Rispa Anaunda Ndege

Homa Bay,
14 Februari 1965

Kwa Mjomba wangu Nchagwa Maroa,

Nakusalimu wewe, mkaza mjomba Nyasuguta na wote walio nyumbani kwako. Sisi huku tunapumua. Dolphine wangu ameingia darasa la tatu na ameanza kunisahihisha Kiingereza changu. Mvua imechelewa, na samaki nao wamekuwa haba. Nisamehe kukuandikia Kiswahili, nami nakusamehe pia. Mama alipofariki aliondoka na Kikuria chote kilichokuwa nyumbani kwetu, na wewe lugha ya Dholuo huitaki.

Sasa nikuambie jambo langu. Tangu tumzike James mwaka jana, nduguye Walter anakuja hapa kila Jumapili baada ya kanisa. Anakaa kwenye kiti cha James. Anasema wakati umefika anirithi, nyumba isikae bila mwanamume. Baba zangu wadogo wa Ndhiwa wamekubali. Mimi sijakubali, na sitakubali.

Walter anataka pia karakana auze vilivyomo. Unakumbuka yule Mzungu fundi wa kinu cha pamba ambaye James alimfanyia useremala? Alipoondoka baada ya Uhuru alimwachia James makasha marefu. Ndani mna ndege, Mjomba. Si mzima, ni vipande: mbao nyembamba, plaiwudi, kitambaa, waya, injini ndogo iliyofungwa kwa karatasi ya mafuta, na michoro ya kuonyesha namna ya kuiunda. Watu huagiza makasha hayo wakajiundia ndege nyumbani. Ina viti viwili. James alisema tutaiunda pamoja, mimi nishone yeye arande. Hakupata kufungua hata kasha la pili.

Nimeyafungua yote. Nitaiunda mimi.

Ila mchwa wameingia kasha moja. Mbao ndefu inayobeba bawa la kushoto, ile iliyo kama uti wa mgongo, imeliwa. Wewe ni mpasuaji mbao. Naomba unitafutie mbao ya podo iliyonyooka, isiyo na fundo.

Ni mimi mpwa wako,
Rispa

---

Migori,
9 Mei 1965

Kwa Rispa, mtoto wa dada yangu Bhoke,

Barua yako ilikaa Suna kwa Mhindi wa duka hadi mtu akakumbuka kuniambia. Sisi wazima. Ng'ombe wangu mmoja alivunjika mguu mtoni, tukamla. Mwanangu Gisiri amepata mtoto wa kiume. Nyasuguta anasema umekonda, ingawa hajakuona. Anajua tu.

Nimesoma habari zako. Mara ya kwanza nilidhani sikuelewa Kiswahili chako, nikamwita Gisiri asome tena. Akasoma vilevile.

Podo ninayo. Podo ni ya kuezekea nyumba na kutengenezea vitanda. Siwezi kuitoa ukajiulie. Mwanamke aliyefiwa ana kazi nyingi za kufanya, shamba liko, mtoto yuko. Hakuna aliyemwambia aende angani. Na hukuniambia: hiyo ndege ikiisha, nani atakaa ndani?

Mimi ndege nimeziona. Vitani niliziona zikiondoka na niliziona zikirudi. Sitaki kusema zaidi.

Hayo ya Walter ni mambo ya wazee. Tulia kwanza.

Mjomba wako,
Nchagwa Maroa

---

Homa Bay,
20 Juni 1965

Mjomba wangu,

Salamu kwako na kwa mkaza mjomba. Hongera kwa mjukuu. Dolphine alikuwa na malaria, amepona.

Umeniambia nitulie. Jumapili iliyopita Walter alikuja na mama yake. Akasema mbele ya watu, "Usijisumbue, Rispa. Hata mjomba wako amekula mbuzi wangu. Mtu wangu alimpeleka Migori, akapokewa vizuri." Nikamwangalia mama yake, naye akaangalia chini. Nikajua si uongo.

Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza kama ni kweli, ndiyo au hapana.

Nilimjibu Walter hivi: "Aliyekula mbuzi ndiye umrithi." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Kisha nikakitoa kiti cha James nje, nikakipeleka karakanani. Sasa hapa nyumbani Walter akija anasimama.

Kazi nimeianza. Michoro ni ya Kiingereza, na vipimo vyake ni vidogo hadi nafumba jicho moja ndipo nivisome. Nashon, yule makanika aliyefanya kazi na James kinuni, anakuja kunisaidia kwa mambo ya chuma. Mambo ya mbao najifunza mwenyewe. Jambo gumu ni kuunga mbao mbili ziwe moja ndefu. Huziungi kichwa kwa kichwa. Unazichonga zote mbili kwa mshazari mrefu, zilaliane kama viganja vya mtu anayesali, ndipo unatia gundi na kuzibana. Nimejaribu kwa vipande vya kuni. Randa ya James ni nzito kwa mkono wangu, inakula upande mmoja. Viungo vyangu vyote vimevunjika mkononi. Navichoma, nachonga vingine.

Walter ananicheka barabarani, wanawake wa kanisa wananiombea kama mgonjwa. Acha wacheke, acha waombe. Usiku nalala na asubuhi narudi kwenye randa.

Bado nahitaji podo.

Rispa

---

Migori,
2 Oktoba 1965

Rispa,

Salamu. Sisi wazima.

Mbao iko juu ya basi la Oyugis, imefungwa kwa magunia. Nimemwambia utingo akiikunja nitamkunja yeye. Ni podo ya milima ya Kisii, imekauka chini ya dari yangu miaka mingi, nilikuwa nimeiweka iwe mlango wangu mwenyewe. Usiianike juani. Angalia mwisho wake: nyuzi zimekwenda sawa kutoka huku hadi huku. Mahali nilipotia alama ya makaa ndipo penye kasoro ndogo, usipatumie.

Mbuzi wa Walter nimemlipa. Aliyekwenda ni mkubwa kuliko aliyekuja. Usiniulize mambo hayo tena.

Sijakubali hiyo ndege. Kabla hujaigusa mbao yangu, chonga viungo vya kujaribu, uniletee nivivunje mimi. Visipovunjika ndipo tutazungumza.

Na swali langu hukulijibu. Nani atakaa ndani?

Nchagwa

---

Homa Bay,
16 Januari 1966

Mjomba wangu mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa mkaza mjomba, kwa Gisiri na mkewe na mtoto. Sisi tulikula Krismasi kwa Bonareri, yule rafiki yangu Mkisii mshonaji wa sokoni. Dolphine alipasi, amekuwa wa nne.

Mbao ilifika bila mkwaruzo. Niliipitisha mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, nikakaa chini karakanani nikalia, kisha nikafurahi kwamba hakuna mtu aliyeniona. Ero kamano, asante sana, Mjomba. Najua mlango wako bado ni wa magunia.

Natuma viungo vitatu. Vivunje uwezavyo. Randa sasa nimeizoea. Niliinoa upya na kuacha kuisukuma kwa mabega, naisukuma kwa miguu na kiuno. Hakuna aliyeniambia, mwili ulichoka ukajitafutia njia.

Walter amekwenda kwa chifu kusema nimeiba mali ya nduguye. Chifu aliniita. Nikamwambia karakana iko wazi mchana kutwa, aje ahesabu. Hajaja.

Ni mimi,
Rispa

---

Migori,
27 Machi 1966

Rispa,

Wote wazima. Mvua imeanza vizuri, tunapanda.

Viungo vyako nilivifunga kwenye mnyororo wa jembe, mwisho mmoja mtini, mwisho mwingine kwa ng'ombe wawili. Nikawachapa. Cha kwanza kiliachana kwenye gundi, kisafi kama mkate uliokatwa. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kilivuta kidogo kisha kikaachana.

Nimeviangalia. Gundi imekauka na kung'aa kabla ya kubanwa. Ulipaka jua likiwa kali. Watu wamekufa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Rudia.

Nyasuguta anakutumia siagi. Alilia aliposikia vimevunjika, sijui kwa nini. Vilikuwa vipande vya mti tu.

Nchagwa

---

Homa Bay,
11 Septemba 1966

Mjomba,

Salamu nyingi. Siagi ilifika, ilikwisha siku hiyohiyo. Nimekawia kuandika. Barua yako niliisoma nikaitupa, kisha nikaiokota. Ulisema kweli. Sasa napaka gundi asubuhi kabla jua halijapata nguvu, na vibanio vyote vinakuwa vimepangwa mezani kabla sijafungua kopo. Bonareri anashika upande mmoja, mimi upande mwingine, hatuzungumzi mpaka kimebanwa.

Ulipata vile vya pili mwezi wa tano. Gisiri alinitumia salamu kwa mwenye basi kwamba safari hii ng'ombe walivuta mpaka mbao ikapasuka yenyewe, pembeni, na kiungo kikabaki kizima. Wewe mwenyewe hukuandika neno. Nimechukua kimya chako kuwa ruhusa. Mbao yako sasa iko ndani ya bawa la kushoto.

Mbavu zote za mabawa zimekaa. Tumefunika mabawa kwa kile kitambaa cha kasha. Unakivuta juu ya mbavu, kisha unakishona na kila ubavu kwa uzi uliopakwa nta, sindano ndefu inapita juu hadi chini, na kila mshono una fundo lake ili mmoja ukikatika mwingine usifuate. Bonareri alijifunza haraka kuliko mimi, nami nikajifunza kwake. Halafu unapaka dawa ya kukaza. Inanuka kama ndizi mbivu, kichwa kinauma, lakini kitambaa kinakaza mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Wanawake wa kanisa walikuja kuona. Mmoja akasema ni jeneza. Bonareri akamwambia, "Jeneza la nani lina magurudumu?"

Nimewaandikia watu wa serikali wa mambo ya ndege huko Nairobi kuomba waje kuikagua. Wamejibu kwamba ndege hazitengenezwi nyumbani Homa Bay. Nimewaandikia tena, kwamba imekwisha kutengenezwa.

Rispa

---

Migori,
18 Desemba 1966

Mpwa wangu Rispa,

Salamu za Krismasi. Huku ng'ombe wameibwa kwa jirani yangu Werema, vijana wamefuata nyayo hadi mpakani wakarudi nao. Mimi magoti yananisumbua.

Mara mbili nimekuuliza nani atakaa ndani, hukunijibu, kwa hiyo nimejua jibu. Nitakuambia jambo ambalo hata Nyasuguta hajalisikia, ili uende ukijua.

Vitani huko Burma kazi yetu ilikuwa kando ya kiwanja cha ndege. Ndege ikirudi vibaya, sisi ndio tuliokimbilia. Kulikuwa na kijana wa kwetu, Mirumbe, tulitoka naye kijiji kimoja. Aliomba apandishwe mara moja tu, aone dunia kwa juu. Rubani akamkubalia. Ilirudi na bawa limelegea. Nilimtoa mimi. Nilipofika nyumbani mama yake aliniuliza kama aliona alichotaka kuona. Nilimwambia ndiyo. Sijui kama ni kweli.

Kwa hiyo usiniambie kwamba sipendi ndege kwa sababu wewe ni mwanamke. Walter ndiye mwenye sababu hiyo. Mimi nina yangu.

Akija mkaguzi, mwache aone kila kitu. Usimfiche hata msumari.

Nchagwa

---

Homa Bay,
5 Machi 1967

Mjomba wangu,

Nakusalimu kwa heshima. Dawa ya magoti nimempa dereva wa basi, ipake kila jioni. Dolphine anakusalimu.

Barua yako niliisoma peke yangu. Sitasema mengi. Nimeiweka pamoja na barua za James.

Mkaguzi amekuja. Mtu mkavu, hanywi chai. Alizunguka ndege, akaigonga, akainamia. Kisha akasema, "Mama, siwezi kutia sahihi kitu nisichokiona. Ulipaswa kuniita kabla ya kufunika."

"Niliwaita," nikamwambia. "Mlisema haiko."

Akaligonga bawa tena. Kisha akasema, "Basi kitambaa lazima kitolewe."

Bonareri aliweka mikono kichwani. Kazi ya miezi, Mjomba, fundo kwa fundo. Nashon akaanza kumbembeleza afungue upande mmoja tu. Nikakumbuka ulivyoniandikia. Nikachukua mkasi wa kushonea, nikakata mwenyewe, kutoka mwanzo wa bawa hadi ncha, la kushoto na la kulia. Nilitaka aone kwamba siogopi kinachoonekana.

Aliingiza kioo na tochi kila mahali. Alikataa boliti za mkia, kwa sababu Nashon alizinunua dukani na si za ndege. Tumeagiza nyingine. Kwenye mbao yako alisimama muda mrefu kuliko kote, akapitisha ukucha kwenye kiungo. Akasema, "Hiki kiache kama kilivyo."

Wakati wa kujaza karatasi akauliza, "Mjenzi ni nani?" Walter alikuwa amefika na watu wake, akajibu haraka, "Ni marehemu ndugu yangu." Nikasema, "Marehemu alikuwa mume wangu na nilimpenda, lakini hakugusa gundi. Andika Rispa." Akaandika.

Sasa tunashona upya. Vidole vya Bonareri vimepata sugu, anavionyesha sokoni kama pete.

Rispa

---

Homa Bay,
25 Juni 1967

Mjomba wangu Nchagwa,

Wewe, mkaza mjomba, Gisiri na mtoto, nawasalimu wote kwa pamoja maana siwezi kungoja.

Rubani alitoka Kisumu, Singasinga mmoja mwenye maneno machache. Aliirusha peke yake kwanza, Jumamosi baada ya Jumamosi, akirudi anasema kaza hiki, legeza kile. Mwisho akaja na karatasi, akasema sasa inaweza kubeba mtu wa pili.

Walter alisikia. Jumamosi hiyo alikuja uwanjani na wazee na chifu mdogo. Watu walikuwa wengi, hata wa Magunga walikuja. Akasema kwa sauti kubwa, "Mume akifa, mali ni ya ndugu. Ndege hii ni ya marehemu James. Basi ni yangu, na huyu mwanamke ni wangu."

Wazee wakanigeukia. Mjomba, nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yote yalipotea. Nikafungua tu kile kimlango kidogo cha ndege.

"Kama ni yako, panda," nikamwambia. "Rubani yuko tayari. Kiti ni hiki."

Walter akaangalia kiti. Akaangalia bawa. Akaangalia juu. Nashon alikuwa amewasha injini, nyasi zimelala kwa upepo wake. Mama yake mwenyewe akasema, "Panda basi, mwanangu, si umesema?"

Akasema leo ana mafua.

Watu walicheka mpaka chifu mdogo akavua kofia akajifunika uso. Mzee mmoja wa ukoo wa James akagonga fimbo chini, akasema, "Mtu hawezi kurithi asichothubutu kukikalia." Wakaondoka naye katikati yao. Sidhani atarudi Jumapili.

Nami nikapanda. Nilikuficha hili kwa miaka miwili kwa sababu nilijua ungenikataza na ningekaidi, na sikutaka kukukaidi kwa maandishi. Tulikimbia juu ya nyasi, ikaruka mara moja kama inakwaa, kisha kelele za magurudumu zikakoma. Mlima Asego ulikuwa kando yangu badala ya juu yangu. Ziwa lilikuwa kubwa kuliko nilivyolijua, na nyumba ya James ilikuwa kipande cha bati kinachong'aa. Tulizunguka kuelekea Ndhiwa. Nililiangalia bawa la kushoto muda wote. Lilitikisika kidogo, kama mkono wa mtu aliyeshika kitu kizito ambacho hataki kukiachia. Halikulegea.

Rubani akaniachia usukani kidogo. Nilikwenda kombo, akacheka. Amekubali kunifundisha kila akija.

Na nikuambie hili kwa ajili ya yule kijana wenu. Siwezi kusema yeye aliona nini. Mimi niliona, Mjomba. Ilistahili kuonwa.

Mpwa wako,
Rispa, mjenzi

---

Migori,
30 Julai 1967

Mpwa wangu,

Sisi wazima kabisa. Barua yako imesomwa hapa mara nyingi mpaka Nyasuguta anaitamka bila karatasi. Sehemu ya mafua anaisoma kwa sauti ya Walter.

Nilikwenda kwa mama yake Mirumbe. Ni mzee sana, hasikii vizuri. Nilimsomea ile sehemu ya ziwa. Akaniambia nirudie, nikarudia. Kisha akanipa kuku.

Sasa sikia. Malisho yangu ya chini, yale mapana kando ya kijito, nimeyafyeka. Ng'ombe nimewahamishia kwa Werema. Mashimo tumeyafukia, vichuguu tumevibomoa, mimi na Gisiri na yeyote niliyemwona amesimama bila kazi. Majirani wananiuliza kama nimerukwa na akili, mtu wa ng'ombe anayeharibu malisho. Nawaambia nangoja mgeni.

Ukishajua kuiendesha, njoo. Usimwombe mtu yeyote ruhusa ya kuja kwangu, mimi ndiye mwenye uwanja. Tutawasha moto upande wa chini ili uone moshi unakolalia, ujue upepo. Sijui ndege yako inataka nafasi kiasi gani. Ukiona ni pafupi, zunguka kwanza huko juu. Mimi nitaendelea kufyeka.

Mjomba wako,
Nchagwa Maroa